Mara ya Sita kwa Bi Wrońska

Simu yake huja wiki ya pili ya Februari,
theluji ya Łódź ikiwa rojo la kijivu kando ya reli za tramu.
"Profesa," ananiita, nami chuo nilikiona kwa nje tu,
"Jumamosi tarehe ishirini Kajetan anatimiza kumi na moja.
Bei ni ile ile, siyo?
Au sisi wa kila mwaka utatukatia kidogo?"

Simu nimeibana begani, mkononi mwiko, supu ya biti jikoni.
Nasema: nitakupigia.

Daftari hili hapa. Ukurasa wa Wrońska una doa la chai.
Mwaka wa kwanza, zloti mia tatu.
Nilikuwa na njaa na sina jina;
angetaja mia na nusu ningepiga saluti.
Wa pili, mia tatu. Wa tatu, mia tatu
na kipande cha keki ndani ya foili.
Wa nne, mia tatu.
Wa tano mumewe alikuwa kahamia Wrocław na vyombo vyake,
nikaandika mia mbili na hamsini,
na pembeni, kwa penseli, neno ambalo leo silisomeki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hakuna aliyesema ya sita apewe nini.

Seremala akirudi nyumba aliyoijenga
huikuta milango ikining'inia alipoitundika.
Mimi nikirudi nakuta kazi yangu imeliwa.
Leso ya kijani, wameimaliza.
Njiwa wa karatasi, wamemnyonyoa kwa macho.
Mwaka juzi kitoto kimoja, mapengo mawili mbele,
kilitangaza sebule nzima:
"Iko mkono wa kushoto!"
Na ilikuwa mkono wa kushoto.

Nani atanunua sarafu mara sita
kutoka sikio lile lile?
Mtu nisiyemjua humuuzia nilicho nacho.
Huyu anayenipenda ananidai nisichokuwa nacho bado:
pete za chuma kutoka Gdańsk, mia na themanini,
wiki tatu mbele ya kioo cha bafuni,
jirani akigonga ukuta kila pete inapoanguka,
petroli, na shati, maana lile la zambarau
limo kwenye picha zao zote.

Naandika: mia nne na ishirini. Nafuta.
Mia tatu na themanini. Nafuta.
Mia tatu, kwa ajili ya keki. Nafuta, naona haya.
Vidole hivi huficha yai zima mbele ya watu arobaini,
vinashindwa kuibeba tarakimu moja hadi kwenye simu.

Inaita tena. Namba yake. Sauti si yake.
"Profesa, mama yuko dukani," ananong'ona.
"Usilete kitu kipya. Lete ile ya yai."
"Ile unaijua, Kajetan."
"Ndiyo. Tangu nina miaka minane najua linapoingia.
Lakini binamu zangu wa Radom hawajui.
Nataka kusimama upande wako.
Nikushikie kofia.
Hata usinilipe."

Nakaa kitako juu ya sanduku la vifaa.

Halafu nampigia mama yake.
"Mia nne," nasema, na sikohoi.
Kimya. Nasikia friji yake ikinguruma,
mfuko wa plastiki ukiwekwa sakafuni.
"Mia nne," anarudia, kama anaionja chumvi.
"Haya. Ila ufike saa nane kamili,
mwaka jana ulichelewa."

Ni kweli, nilichelewa.

Daftarini: Wrońska, wa sita, mia nne.
Chini yake, kwa kalamu: msaidizi, hamsini.
Mama hajui. Kijana hajui.
Natafuta yai la mbao nililolitupa wapi sijui,
navuta droo zote, napekua makoti,
mpaka harufu inaniita jikoni:
supu imeshika chini.